Siku niliyofanya sondage nikiwa na gilet ya msaada

Kama siku moja utapita katika avenue fulani ya Butembo (jina la mtaa huo silitaji, watu wake bado wananikumbuka kupita kiasi) na ukakuta watoto wanaruka kamba huku wakiimba “Simu, simu, unichague!”, usiwaulize wimbo huo umetoka wapi. Umetoka kwangu. Sikuutunga kwa kutaka, na mpaka leo nikiusikia naingia kwenye duka lolote lililo karibu na kujifanya nauliza kama kuna chumvi.

Mimi ni Kavira. Nimesoma sosiolojia, licence, yaani digrii, ninayo, na nina ugonjwa ambao Tantine Katungu, mdogo wake mama yangu ninayeishi kwake, anauita “ugonjwa ya kwa nini”. Ulinianza zamani. Katika shule ya Jumapili niliuliza Kaini alimpata mke wapi, moniteur, mwalimu wetu, akaniambia nipeleke wadogo wakanywe maji. Redio ikitangaza jambo, nauliza nani amelisema. Mtu akisema “batu bote banajua”, nauliza watu gani, umeongea nao lini? Kwa hiyo utaelewa kwamba nilicheka sana niliposikia bureau moja ya Kinshasa inatafuta vijana wa kufanya sondage, yaani kupita nyumbani kwa watu na kuwauliza wanaionaje nchi: inaelekea pazuri ama pabaya, serikali wanaiamini ama hapana, barabara, courant ya umeme, usalama, ushuru, uchaguzi. Nikasema, tazama hawa, wanauliza watu wachache, halafu jioni utasikia “Wakongomani wanafikiri”! Mimi si Mkongomani? Nani aliniuliza? Halafu nikaenda kuomba ile kazi mbio, kwa sababu tangu nimalize chuo nilikuwa nauza unités za simu chini ya parasol ya Tantine, na mtu anaweza kutilia shaka kila kitu duniani na bado akahitaji kazi.

Na kazi yenyewe, kusema kweli, niliipenda. Nikaipenda hata zaidi waliposema kwamba Butembo ikiisha timu itapanda Beni, na kule atahitajika chef d'équipe, kiongozi wa timu, mwenye mkataba mrefu. Tulikuwa wawili tuliofikiriwa: mimi na Josué, kijana mpole ambaye husoma maagizo yote mpaka yale ya kwenye sanduku la kiberiti. Monsieur Trésor, contrôleur, yaani mkaguzi wetu kutoka Kinshasa, alisema atatutembelea kila mmoja kwenye avenue yake ya mwisho, ajionee kwa macho, halafu achague. (Tantine alikuwa amekwisha kutangaza kwenye chorale yake, kwaya ya kanisa, kwamba mimi ni chef. Waalto wote walikuwa wamenipongeza.)

Siku yangu ikafika, na ikafika na manyunyu na baridi ile ya Butembo inayoingia mpaka ndani ya meno. Nilikuwa na badge ya karatasi tu, ambayo mvua ilikuwa imeanza kuila, na chemise nyepesi. Nyuma ya mlango ilitundikwa gilet, kizibao kisicho na mikono, ya binamu yangu Paluku, ya buluu, yenye mifuko mingi isiyo na kazi, aliyobaki nayo baada ya mradi fulani wa msaada kufunga mlango.

“Vaa ile,” Tantine akasema. “Itakukinga baridi, na utaonekana mutu ya bureau.”

Nikavaa. Mimi, msichana wa kwa nini, ninayeuliza hata padri wa jirani kwa nini kengele yake inachelewa, sikuuliza hata mara moja ile gilet inawaambia nini watu wa mji ambao kwa miaka mingi wameona vita, ugonjwa na wakimbizi, na kila mara baada ya hapo wameona kijana mwenye gilet anapita na simu mkononi, anaandika majina ya nyumba, na siku zinazofuata lori la unga linafika. Kila mtoto wa Butembo anajua mfuatano huo. Mimi pia naujua! Lakini nilikuwa nasikia baridi.

Sasa, sheria za sondage ni hizi. Unaanzia mahali ulipoonyeshwa, unaruka nyumba kadhaa, unaingia moja, unaruka tena. Huchagui nyumba unayoipenda. Ukiingia, unauliza majina ya watu wazima wote wanaolala pale, unayaingiza kwenye simu, na simu yenyewe inapiga kura na kuchagua mmoja. Huyo ndiye utakayeongea naye, peke yake, hata kama ni nyanya aliye kitandani na mume amevaa kravati anakungoja.

Nyumba ya kwanza nikamkuta Mama Kahindo anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alinitazama usoni kidogo, akaitazama gilet muda mrefu, akaacha mchi ndani ya kinu.

“Mama, munalala hapa batu bazima bangapi?”

“Tuko mingi,” akasema.

“Mingi namna gani?”

“Unangoja.” Akaenda kwenye ua, akaita upande wa kushoto, akaita upande wa kulia, na nyumba ile ya vyumba viwili ikaanza kujaa watu waliokuwa wakifuta mikono na kuuliza kwa sauti ya chini “ni hapa?”. Akaja na mukaka mmoja, bibi mzee sana, kandambili mguu mmoja, mguu mwingine mtupu. Niliwaandika wote. Manyunyu yalikuwa yamekatika, tukakaa nje, watu wakanizunguka, nikabonyeza, simu ikachagua.

“Muhindo,” nikasoma. Alikuwa mume wa Mama Kahindo, fundi wa matofali.

Ndugu zangu, vigelegele! Mama Kahindo alirusha kitambaa. Wanaume walimshika Papa Muhindo mkono kama mtu aliyepata mtoto wa kiume, na yeye mwenyewe alikuwa akisema “Ni Mungu, ni Mungu tu.” Na mimi nikafanya nini? Nikasikia machozi yanakuja. Nikawaza: tazama raia hawa, hakuna aliyewahi kuwauliza neno, leo wanaulizwa, tazama furaha yao! Nikamwandikia Monsieur Trésor palepale: “Mapokezi ni ya ajabu, utajionea.”

Nikamchukua Papa Muhindo kando, chini ya ukingo wa paa, tukaanza.

“Papa, kwa maoni yako, inchi inaelekea pazuri ao pabaya?”

“Pazuri sana.”

“Serikali unaiamini?”

“Mingi.”

“Barabara?”

“Barabara iko bien, iko muzuri.”

Nataka uelewe kwamba pale tulipokuwa tumekaa tuliiona barabara. Lori lililotoka Kasindi na mzigo wake lilikuwa limezama kwenye matope mpaka tumboni, vijana wanalisukuma, shofa ametoa kichwa dirishani anatukana kwa lugha tatu. Papa Muhindo alilitazama. Mimi nililitazama. Tukatazamana.

“Iko bien sana,” akarudia. “Ile lori njo haiko bien.”

Courant? Ipo. (Balbu hakuna.) Usalama? Tunalala kama watoto. Ushuru? Unatusaidia. Hapo mashaka yangu yaliamka, siwezi kusema yalilala kabisa, lakini badala ya kujiuliza nimevaa nini nikakumbuka somo zima la chuo juu ya raia wanaoogopa kusema ukweli mbele ya mtu wasiyemjua, nikatikisa kichwa kwa hekima, nikawaza nitaliandikia makala. Ndivyo elimu inavyoweza kukufanya: inakupa jibu zuri sana la swali ambalo siyo lako.

Nikaruka nyumba, nikaingia ya pili: vilevile, watu wengi, mahali pote bien. Ya tatu, wakaniletea kati ya wanaolala pale mukaka mmoja aliyefunga kitambaa chekundu kichwani. Nikatazama chini. Kandambili mguu mmoja.

“Mukaka, si tulionana pale kwa Mama Kahindo?”

“Ule ni ndugu yangu,” akasema bila kupepesa.

“Na kandambili?”

“Tuligawana.”

Watu wakacheka, mimi nikacheka, na bado sikuelewa! Nilidhani ni utani wa wazee. Nilipotoka pale nilikuta nyuma yangu msafara. Watoto mbele, wanaimba ule wimbo (ndiyo hapo ulipozaliwa), mama zao nyuma na watoto mgongoni, na nyuma yao wanaume wanaojifanya wanapita tu. Nikaruka nyumba zangu kama sheria inavyotaka, na kwenye lango la moja ya zile nilizoruka akasimama Mama Zaina, mke wa Hadji mwenye lori, mikono kiunoni.

“Mademoiselle! Unaruka kwetu juu ya nini? Siye si batu?”

“Mama, ni sheria. Tunaruka nyumba, siyo mimi nachagua.”

“Kila siku ni sheria! Banakuya, banaona lori ku lango, banasema 'bale ni batajiri', banaruka. Lori yenyewe unaiona? Ni ile pale mu matope! Hadji iko mule ndani, na matusi yake yote!”

“Mama, hakika, hii ni maswali tu juu ya siasa...”

“Basi niulize siasa! Mimi pia niko na siasa!”

Kina mama wakapiga makofi. Nikasema samahani, nikaendelea, na nyuma nikasikia ananiambia kwamba Mungu haruki nyumba. Hapo ningepaswa kusimama. Ningeuliza kwa nini, neno langu mwenyewe! Lakini Monsieur Trésor alikuwa amekwisha kupiga simu kwamba yuko njiani na moto, yaani pikipiki, na mimi nilikuwa naiona Beni mbele ya macho, mimi chef, Josué ananiletea ripoti.

Nilipomaliza nyumba ya mwisho nikasikia filimbi. Nikarudi kule nilikoanzia, na hapo, rafiki zangu, nikaona. Mbele ya nyumba ya Papa Muhindo avenue nzima ilikuwa imepanga mstari. Walikuwa na mabeseni. Walikuwa na magunia matupu, bidons, sufuria, mmoja ana brouette, yaani toroli, na amemkalisha ndani yake yule mukaka wa kandambili, sasa amefunga kitambaa cha kijani. Aliyepiga filimbi alikuwa Papa Kasereka, chef d'avenue, yaani mkubwa wa avenue ile aliyewekwa na serikali, amevaa koti lake la sherehe.

“Bazee na benye mimba huku!” alikuwa akipanga. “Bale simu iliwachagua, mbele! Hapana kusukumana, tusiaibishe wafadhili!”

Akaniona, akanikaribia na uso wa mtu aliyekosewa. “Ma fille, ungepashwa kupita kwangu kwanza. Distribution ya musaada mu avenue yangu, na mimi nasikia ku batoto?”

Kabla sijafungua mdomo, moto ikafika, na juu yake Monsieur Trésor, viatu vyake vya Kinshasa vimejaa matope. Akatazama umati. “Mama na ngai!” akashangaa kwa Lingala. “Kavira, bote hawa juu ya sondage?” Uso wake uling'aa. Papa Kasereka akampa neno palepale, na contrôleur wangu, ambaye Swahili yake ni ya kuokota, akapanda juu ya rundo la matofali na kusema kwa moyo wote kwamba amefurahi, kwamba hajaona mji kama huu, na kwamba bureau yake itarudi kila mwaka.

Kila mwaka! Makofi yalivuma mpaka Hadji akatoa kichwa kwenye lori. Na katikati ya makofi yale Papa Muhindo akaja kunishika mkono, anatabasamu, na mkono wake una manyoya. Alikuwa amechinja jogoo. Jogoo wao mmoja, alisema Mama Kahindo nyuma yake, yule anayewaamsha. Wamechinja ili wanikaribishe, kwa sababu mgeni aliyeleta bahati haendi na tumbo tupu.

Nilisimama pale na nikajua mambo mawili. La kwanza, nikinyamaza, Monsieur Trésor atapanda moto yake na furaha, nami nitakuwa chef Beni. La pili, nikinyamaza, kesho watu hawa watapanga tena mstari na mabeseni, na kesho kutwa, na yule mukaka atakaa katika brouette akingoja lori ambalo hakuna mtu duniani aliyelipakia. Ningependa kukuambia kwamba sikusita. Nilisita. Nilitazama moto. Halafu nikatazama manyoya.

Nikapanda kwenye matofali. Nikavua gilet, nikaikunja, nikaishika mkononi kama mtu aliyekamata nyoka na hajui amtupe wapi.

“Ba mama, ba papa, munisikilize,” nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mbuzi. “Hii gilet si ya kazi yangu. Ni ya ndugu yangu, nilisikia baridi. Sikuleta msaada. Simu haikuchagua mutu wa kupata kitu. Ilichagua mutu wa kuuliza.”

Mabeseni yakashuka. Hata filimbi ilitoka mdomoni mwa Papa Kasereka.

“Donc...” Mama Kahindo akaanza polepole. “Unga?”

“Hapana, mama.”

“Mafuta?”

“Hapana.”

“Ata sabuni?”

“Ata sabuni.”

“Ulitoka kwenu, na hii matope, kutuuliza tu?”

“Kuwauliza tu.”

Mawazo yalinipita kichwani kuhusu timu nyingine, za miaka mingine, zilizowahi kufukuzwa na watu na kukimbia avenue kwa miguu. Nikapima kwa jicho njia ya kuelekea barabarani. Ndipo kwenye lango lake Mama Zaina akainua mikono yote miwili juu.

“Al-hamdulillah!” akapiga kelele. “Aksanti Mungu, walituruka!”

Na kicheko kikapasuka. Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo. Walicheka kwa mabeseni, wakayapiga kama ngoma. Walimcheka Papa Kasereka na koti lake. Walimcheka mukaka, wakamuuliza leo amekuwa ndugu wa nani. Na zaidi ya wote walinicheka mimi, na nilistahili. “Mademoiselle Tombola!” kijana mmoja akaita, tombola ile ya bahati nasibu, na jina likakamata palepale.

Papa Muhindo peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama, na mimi nilitamani ardhi inimeze, matope na yote. Akasema:

“Toa ile simu.”

“Papa?”

“Toa simu, nasema. Kama haukuleta kitu, andika tena. Barabara iko mubaya!”

“Mubaya sana!” Hadji akaitikia kutoka matopeni.

“Inchi inaelekea wapi, uliniuliza? Andika: haielekee, imekwama kama ile lori! Ushuru? Tunalipa ku kila kamba wanayofunga barabarani! Usalama? Uliza ndugu zangu ba Kanyabayonga, balikimbia vita, bako wanalala mu nyumba yangu, njo maana tuko mingi, ile haikukuwa uongo yote!”

Na wote wakaanza kusema kwa pamoja, wale waliochaguliwa na walioachwa, Mama Zaina na siasa yake aliyoniahidi, mukaka kutoka ndani ya brouette akitaka iandikwe kwamba tangu azaliwe hajamwona mtu mkubwa aliyepita hapa kwa miguu. Ilikuwa sondage nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia, na kisayansi haikuwa na faida hata kidogo: maoni ya umati, hadharani, kila mmoja akimsikia mwenzake. Josué angezimia.

Monsieur Trésor alinivuta kando. Alikuwa amekwisha kuelewa yote.

“Avenue yote inafutwa,” akasema. “Majibu ya asubuhi ni ya gilet. Majibu ya sasa ni ya hasira. Hakuna hata moja naweza kutuma Kinshasa.”

“Najua, Monsieur.”

“Na chef wa Beni atakuwa Josué.”

“Najua.”

Akanitazama kidogo. “Mais ungengoja niende kwanza. Juu ya nini haukungoja?”

Niliacha majibu yote ya chuo. Nikamwonyesha mabeseni. Akakohoa, akasema kwamba kama nakubali kuwa enquêteuse, muulizaji wa kawaida chini ya Josué, nafasi ipo, na kwamba kama ataiona tena ile gilet ataichoma yeye mwenyewe. Halafu Mama Kahindo akatuita sote wawili kwa ukali, kwa sababu jogoo alikuwa amekwisha kufa na hakuna sondage itakayomfufua, na tukala, mimi nikitafuna taratibu kuliko siku zote, huku Papa Muhindo akinichagulia vipande na kusema “Kula, Mademoiselle Tombola, kula ile bahati yetu.” (Waalto wa chorale walipewa habari na Tantine mwenyewe. Alisema nimekataa uongozi kwa unyenyekevu.)

Kwa hiyo nilipanda Beni bila ukubwa wowote. Na tangu hapo nimejiwekea kiapo: nikifika kwa mtu, kabla ya jina langu, kabla ya habari ya asubuhi, nasema kwanza vitu ambavyo sina. Nyumba ya kwanza kule Beni, mzee mmoja alikuwa amekaa mlangoni na redio mapajani. Nilisimama mbali kidogo, nikamwambia: Papa, sikuleta unga, sikuleta mafuta, sikuleta sabuni, sitarudi na lori, sijui mutu yeyote mwenye lori, nimekuya na maswali tu.

Akanitazama kuanzia kichwa mpaka miguu, kisha akazima redio.

“Ikaa,” akasema. “Wewe njo wa kwanza kuniambia ukweli kabla ya kuniuliza.”

Akanijibu mpaka simu yangu ikaisha chaji, na hakuna kitu hata kimoja kilichokuwa bien.